Maswali ya Wasomaji: Dickens wa Runingani, Ipi ni Ipi?

Barua nyingi za safari hii zinamhusu Charles Dickens, mwandishi wa Uingereza aliyefariki mwaka 1870, ambaye watengenezaji wa tamthilia hawajamwacha apumzike tangu miaka ya 1950. Tumechagua zile zinazoweza kumsaidia na msomaji mwingine.

Ndugu mhariri, nikitafuta Great Expectations mtandaoni naletewa orodha ndefu ya majina yanayofanana. Rafiki yangu aliisifu sana "ile ya bibi aliyezeeka ndani ya gauni la harusi". Nitaijuaje?

Zote zinaye huyo bibi, kwa hiyo muulize rafiki yako ni nani aliyeigiza nafasi yake. Jina la riwaya halikusaidii kitu. Jina la mwigizaji wa Miss Havisham linamaliza ubishi. Akisema Jean Simmons, ni ile ya 1989 ambamo Anthony Hopkins ni Magwitch, yule mfungwa mtoro. (Simmons huyohuyo ndiye aliyekuwa Estella mdogo, binti aliyelelewa na Miss Havisham, kwenye filamu ya David Lean ya 1946. Miaka 43 baadaye akavaa gauni la bibi.) Charlotte Rampling ni BBC, 1999. Gillian Anderson ni BBC, 2011, sehemu 3. Olivia Colman ni 2023, sehemu 6, muswada wa Steven Knight. Kama anakumbuka kitu kirefu cha sehemu 12, hiyo ni BBC ya 1981. Na akisema Helena Bonham Carter, basi hakutazama tamthilia ya runinga. Hiyo ni filamu ya sinema ya 2012.

Hapo kwenye 2011 na 2012 ndipo wengi wanapojikwaa. Tamthilia ya BBC ilionyeshwa Uingereza Desemba 2011 na Marekani Aprili 2012, basi orodha nyingine huiandika 2012, mwaka uleule wa filamu ya sinema. David Copperfield ina mtego kama huo: ya BBC, ambayo Daniel Radcliffe ni David mdogo na Maggie Smith ni shangazi Betsey, ilitoka Krismasi ya 1999 na kufika Marekani mwaka 2000. Mwaka huohuo Wamarekani wakatoa yao, Sally Field akiwa shangazi. Andika "David Copperfield 2000" na unaweza kuletewa yoyote kati ya hizo mbili.

Kabla ya kutafuta, andika pembeni mambo manne: mwaka ilipoonyeshwa mara ya kwanza, kituo kilichoitoa, mwandishi wa muswada, na idadi ya sehemu. Kisha tafuta kwa jina la mwandishi wa muswada au la mwigizaji mmoja pamoja na mwaka. Ukikuta neno Masterpiece kwenye jalada la diski ya Kimarekani, usidhani ni toleo jingine. Hilo ni jina la kipindi cha PBS, runinga ya umma ya Marekani, kinachoonyesha tamthilia za Uingereza huko, na kazi yenyewe ni ileile.

Nina Bleak House ya 2005 yenye sehemu 15. Mwenzangu ana nakala yenye sehemu chache kuliko hizo na anadai ni kitu kilekile, ila "mfumo wa video wa Marekani ni tofauti". Nani ana nakala kamili?

Acheni kuhesabu sehemu, hesabuni dakika. Uingereza ilionyeshwa hivi: sehemu ya kwanza saa 1, na 14 zilizofuata nusu saa kila moja. Jumla ni dakika 480 za ratiba, na kwa kuwa BBC haikatizi vipindi kwa matangazo ya biashara, karibu zote ni tamthilia yenyewe. Marekani iliunganishwa ikawa sehemu 6. Kuunganisha peke yake si dhambi. Tuseme majina ya mwanzo na ya mwisho ya kila sehemu yanachukua dakika moja na nusu hadi mbili. Ukitoka 15 kwenda 6 umeondoa seti tisa, yaani dakika 14 hadi 18, bila kupoteza hata neno la mhusika. Pengo likizidi hapo sana, mkasi umepita. Na mkasi haukati kisa kikuu, maana mtazamaji angeshtuka. Unakata wahusika wa pembeni na vituko vyao, na kwa Dickens hao ndio nusu ya utamu.

Hoja ya mfumo wa video ina ukweli wake, lakini mwenzako ameigeuza kichwa chini. Filamu ya sinema hupigwa kwa fremu 24 kwa sekunde. Ikionyeshwa kwenye mfumo wa Ulaya wa fremu 25 inakimbia kwa asilimia 4 na kufupika. Tamthilia za runinga za Uingereza, kinyume chake, kwa kawaida zimepigwa kwa fremu 25 tangu mwanzo. Kwa hiyo nakala ya Marekani ama inabaki na urefu uleule, ama, ikipunguzwa kasi hadi 24, inarefuka: dakika 480 zinakuwa 500, na sauti zinaweza kuwa nzito kidogo. Nakala ya tamthilia ya BBC iliyofupika haiwezi kujitetea kwa hesabu hiyo.

Mkishakaa na diski mkononi, angalieni na umbo la picha. Tamthilia za kabla ya mwisho wa miaka ya 1990 zilipigwa kwa umbo la 4 kwa 3. Runinga za leo ni pana, na zikiachwa zijiamulie hutanua picha hadi nyuso zote zinanenepa. Tafuteni kitu cha mviringo, gurudumu la gari la farasi au uso wa saa ya ukutani. Kama ni yai, ingieni kwenye mipangilio ya runinga mchague 4:3. Kama gurudumu ni la mviringo lakini vichwa vya watu vimekatwa juu hata runinga ikiwa kwenye 4:3, tatizo liko kwenye diski yenyewe: mchapishaji ameikata picha ili ijaze kioo, na hakuna kitufe kitakachokurudishia kilichokatwa.

Kuhusu misimbo ya kanda (alama zinazoizuia diski kucheza kwenye mashine ya eneo jingine la dunia), DVD za Uingereza ni kanda ya 2, za Marekani kanda ya 1, na sehemu kubwa ya Afrika imewekwa kanda ya 5. Blu-ray ni nafuu, kwa kuwa Ulaya na Afrika ziko pamoja kwenye kanda B. Kiendeshi cha diski cha kompyuta kwa kawaida hukuruhusu kubadili kanda mara 5 tu, na ya mwisho ndiyo inayobaki daima. Usiibadilishe kwa kujaribu tu.

Nimeona tangazo la David Copperfield ya 1966 akiwa na Ian McKellen, "kamili, sehemu zote 13". Ninunue?

Usinunue. Tamthilia hiyo ilikuwepo kweli, na McKellen kijana ndiye aliyekuwa David, lakini haijabaki kamili. Kanda za video za miaka ya 1960 zilikuwa ghali, na BBC ilizifuta ili izitumie tena. Hali hiyo ilianza kubadilika mwaka 1978 shirika lilipoanza kutunza hifadhi kwa utaratibu. Kilichosalia mara nyingi ni nakala za filamu zilizotengenezwa kwa ajili ya kuuzia vituo vya nchi nyingine, na ndiyo sababu kilichopona hakifuati mantiki ya ubora: Barnaby Rudge ya 1960, riwaya ambayo wachache huikumbuka, ipo na sehemu zake 13.

Ukipata kitu cha enzi hizo, kitazame ukijua kilivyotengenezwa. Mambo ya ndani ya nyumba yalipigwa studio kwa kamera za video, ya nje kwa filamu ya milimita 16. Mhusika akifungua mlango tu, picha inabadilika sura ghafla, kutoka weupe mkali wa studio hadi ukungu wenye chembechembe. Diski yako ni nzima. Desturi hiyo iliendelea hadi miaka ya 1980, na baada ya sehemu mbili jicho linazoea.

Nimemaliza kusoma Bleak House. Kati ya ile ya 1985 na ya 2005, ipi ni bora? Na mtu anapimaje, maana kila nikisoma maoni naona tu "imefuata kitabu" au "haikufuata".

"Imefuata kitabu" ni kipimo kibovu. Anza na hesabu: gawanya dakika za tamthilia kwa idadi ya sura. Bleak House ina sura 67. Dakika 480 zinatoa kama dakika 7 kwa sura. Great Expectations ina sura 59. Ile ya 2011, yenye sehemu 3 za saa moja, inapata dakika 3. Chini ya 3 au 4 usitegemee kisa cha pembeni kipone, hata mwandishi wa muswada awe bingwa. Huwezi kumlaumu kwa kumwacha mhusika wa pembeni kama Biddy ikiwa alipewa saa tatu. Mlaumu kwa alichofanya na hizo saa tatu.

Baada ya hapo jiulize ni kitu gani kwenye riwaya hakiwezi kupigwa picha, na watengenezaji wameweka nini badala yake. Bleak House ina wasimulizi wawili. Mmoja ni Esther Summerson, anayekumbuka yaliyopita kwa upole na kujishusha. Mwingine hana jina. Anasimulia kwa wakati uliopo, anaelea juu ya London akiona kila kitu, na ulimi wake ni wembe. Kamera haina ulimi, kwa hiyo huyo wa pili hupotea siku ya kwanza ya kazi.

Ile ya 1985, ya sehemu 8, inajaza nafasi yake kwa mazingira: giza, ukungu, ukimya mrefu, watu wanaoonekana kuzeeka wakisubiri hukumu ya mahakama. Diana Rigg akiwa Lady Dedlock, bibi wa tabaka la juu mwenye siri, hahitaji kusema mengi. Ile ya 2005, muswada wa Andrew Davies, inampa kamera kiherehere: inavuta karibu ghafla, inachungulia kwa pembeni, inaruka toka nyumba hadi nyumba kwa mvumo. Wengi inawaudhi. Sisi tunaona ndiyo iliyomkaribia zaidi yule msimulizi asiye na jina, kwa sababu ina kejeli na haraka yake. Isitoshe, nusu saa nusu saa ni umbo linalofanana na lile riwaya ilivyozaliwa nalo: vijitabu vya kila mwezi, Machi 1852 hadi Septemba 1853, kila kimoja kikimwacha msomaji na kiu.

Kwa Esther, hata hivyo, zote mbili zina deni. Kitabuni tunamjua kwa anayoyaficha: anasifiwa, anakanusha, nasi tunaelewa kuliko anavyosema. Kwenye runinga akikosa sauti hiyo anabaki msichana mwema tu, na wema mtupu hauchezeki. Anna Maxwell Martin, wa 2005, anajiokoa kwa uso unaofikiri kabla ya kujibu. Mtazame anaposikiliza wengine wakizungumza kuliko anapozungumza mwenyewe.

Kuna vipimo viwili vidogo unavyoweza kutumia kwa toleo lolote la riwaya hii. Sura ya 2, Lady Dedlock anauona mwandiko kwenye hati ya kisheria, anauliza ni nani aliyeunakili, na muda mfupi baadaye anaishiwa nguvu. Wakili Tulkinghorn anaona. Mtengenezaji mzuri anakuacha utambue kwamba wakili ametambua, bila muziki kukupigia kelele. Kipimo cha pili ni makovu ya Esther baada ya ugonjwa. Yaangalie sehemu mbili tatu mbele. Kama vipodozi vimeyafifisha ili abaki mrembo, hawakuelewa kwa nini Dickens alimpa.

Tamthilia ikibadilisha mwisho wa riwaya, hiyo si kuvunja heshima ya mwandishi?

Inategemea mwisho upi, maana mwandishi mwenyewe alibadilisha. Great Expectations ilikuwa na mwisho ambao Pip, msimulizi wake, na Estella anayempenda wanakutana kwa muda mfupi barabarani na kuachana. Rafiki wa Dickens, mwandishi Edward Bulwer-Lytton, akamshawishi, na kilichochapishwa 1861 kina matumaini zaidi. Ule wa kwanza ulijulikana baada ya kifo cha Dickens, rafiki yake John Forster alipouchapisha kwenye wasifu wake. Kwa hiyo toleo linaloishia kwa huzuni halijamsaliti mtu. The Mystery of Edwin Drood haina mwisho kabisa: Dickens alifariki tarehe 9 Juni 1870 akiwa ameandika nusu ya vijitabu 12 alivyopanga. Ile ya BBC ya 2012, muswada wa Gwyneth Hughes, ilibidi ijitungie muuaji na sababu zake. Hapo hupimi uaminifu. Unapima kama jibu lao linatokana na yale yaliyoandikwa.

Kinachotusumbua zaidi ya mwisho ni mpangilio wa siri. Oliver Twist ya 1999 ya ITV, kituo kingine cha Uingereza, muswada wa Alan Bleasdale, inaanza kwa kisa kirefu cha wazazi wa Oliver, jambo ambalo kitabu kinalifunua karibu na mwisho. Kwa wanaosumbuliwa na hila za nusu ya pili ya kitabu ni msaada mkubwa, kila kitu kinaeleweka. Lakini Oliver hawi tena mtoto asiye na asili. Mtazamaji anamjua kuliko anavyojijua, na hofu inageuka kuwa subira tu. Hilo ni badiliko kubwa kuliko kubadilisha nani anamwoa nani.

Kama unataka kupima kwa haki, chagua sura tatu kabla ya kutazama, uzisome tena, kisha utazame ukisubiri hizo tu. Kwa Great Expectations tunapendekeza ya 8, ya 27 na ya 39. Ya 8 ni ziara ya kwanza kwa Miss Havisham: saa zote zimesimama saa tatu kasoro dakika ishirini, na amevaa kiatu kimoja. Watengenezaji wavivu huweka utando wa buibui kila mahali na kusahau hicho kiatu. Ya 39 ni kurudi kwa Magwitch. Ya 27 ndiyo ngumu kuliko zote: Joe mhunzi anamtembelea Pip London, kofia yake inaanguka anguka, na hakuna kinachotokea isipokuwa kwamba Pip anamwonea haya mtu aliyemlea. Aibu hiyo iko kwenye simulizi, haiko kwenye mazungumzo. Tamthilia inayomfanya Pip aseme kwa mdomo kwamba ana aibu imeshindwa. Inayomfanya Joe kuwa kichekesho imeshindwa vibaya zaidi.

Oliver Twist ya BBC ya 2007 imemweka Sophie Okonedo, mwanamke mweusi, kuwa Nancy. Si kosa la kihistoria?

Hapana. London ilikuwa na wakazi weusi karne nyingi kabla ya riwaya hiyo kuanza kutoka mwaka 1837. Swali la kumuuliza Nancy yeyote ni moja: unaamini kwamba angeweza kuokoka na bado akachagua kurudi kwa Bill Sikes, mpenzi wake mwizi na katili? Okonedo mbele ya Tom Hardy, aliye Sikes, anakufanya uamini.

Dickensian imetokana na riwaya gani?

Haikutokana na riwaya moja. Ni sehemu 20 za BBC za 2015 hadi 2016, alizobuni Tony Jordan, zikiwachanganya wahusika wa vitabu mbalimbali kwenye mtaa mmoja. Usianzie hapo: utani wake unahitaji uwe unawajua.

Mimi sijasoma hata kitabu kimoja cha Dickens na Kiingereza changu ni cha wastani. Nianze na tamthilia ipi, na kwa utaratibu gani?

Little Dorrit ya BBC ya 2008, sehemu 14, Claire Foy na Matthew Macfadyen, muswada wa Andrew Davies tena. Kisa chake ni familia iliyofungwa gerezani Marshalsea kwa deni, gereza lilelile baba yake Dickens alikofungwa mwaka 1824. Ndani yake yumo Bwana Merdle, tajiri ambaye kila mtu anampelekea akiba zake bila kuuliza fedha zinazaa vipi. Ilionyeshwa kati ya Oktoba na Desemba 2008, benki za kweli zikiwa zinayumba, ingawa ilitengenezwa kabla. Hata asiyeshika kila neno ataelewa uso wa Tom Courtenay, baba mfungwa anayepokea sadaka kana kwamba anapokea kodi.

Hakikisha nakala yako ina maandishi ya Kiingereza chini ya picha; diski za tamthilia za zamani mara nyingi hazina, na lafudhi za London zitakuchosha kabla ya kisa kukukolea. Washa maandishi hayo tangu mwanzo. Tazama sehemu mbili kwa jioni, usizidishe, kwa sababu sehemu fupi zimeundwa zikatike mahali unapotaka kuendelea, na ukizimeza zote kwa usiku mmoja majina yatachanganyika. Sehemu ya kwanza na ya pili zitakuletea watu wengi wasiohusiana. Andika majina yao kwenye karatasi na mahali kila mmoja alipoonekana. Ukifika sehemu ya 5 na bado kuna majina mawili matatu usiyoyaelewa, usirudi nyuma. Wasomaji wa vijitabu vya kila mwezi nao walikuwa hivyohivyo, na Dickens aliwaunganishia baadaye.

Kitabu kikikuvutia baada ya hapo, usianze na Little Dorrit yenyewe, ni ndefu. Chukua Great Expectations, na tamthilia zake uzihifadhi hadi utakapomaliza sura ya 39.